Sura ya 6: Siku ya Thelathini na Moja

Mama mwenye duka nitakayemtaja katika sura hii ni wa mfano, lakini yanayompata huwapata watu wa kweli kila mwaka. Anauza saruji, mabati, misumari na rangi mjini Nyansiongo, katika Borabu, upande ule wa Nyamira unaopakana na Sotik. Wateja wake ni wakulima wa chai na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Bonasi ya chai ikitoka, watu huezeka nyumba, na mauzo ya mwezi huo hupita ya miezi kadhaa iliyotangulia. PIN yake ya ushuru alifunguliwa na kijana wa saiba miaka mingi iliyopita. Alipeleka kitambulisho na nambari ya simu. Baruapepe hakuwa nayo, basi kijana akaweka ya saiba ili kazi iishe. Tangu hapo kila Juni hurudi palepale kufaili ritani, hupewa karatasi iliyochapishwa, huiweka kwenye droo ya kaunta chini ya kitabu cha madeni.

Tarehe 3 Machi Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, inamfanyia tathmini mpya. Maafisa wamelinganisha pesa zilizoingia benki na mauzo aliyotangaza, wakaona pengo, wakalihesabu pengo lote kuwa mauzo yaliyofichwa. Anadaiwa shilingi milioni 1.4. Barua inatumwa kwa baruapepe iliyoandikishwa katika mfumo wa iTax, yaani ile ya saiba. Tarehe 20 Mei anakwenda benki Keroka kutoa pesa za kulipia saruji, anaambiwa akaunti imeshikwa kwa agizo la KRA. Anapanda matatu kurudi, anaingia saiba moja kwa moja.

"Mama, barua iko hapa," kijana anamwambia akiteremsha kurasa kwenye kioo. "Ilikuja Machi, tarehe tatu."

"Machi? Na mbona hukunipigia, mwanangu?"

"Mama, hii baruapepe ina barua za watu wengi sana. Hata sikuiona. Pole."

Siku 30 za kupinga tathmini zilikwisha tarehe 2 Aprili. Leo ni siku ya 48 tangu zikwishe. Je, mtu aliyechelewa kiasi hicho bado anaweza kusikilizwa?

Anaweza. Lakini asikilizwe na nani, kwa sababu gani na kwa ushahidi upi, hapo ndipo watu wengi wanapopoteza kesi ambazo wangeshinda. Katika mizozo ya ushuru ya wafanyabiashara wadogo, tarehe huua kesi nyingi ambazo hesabu zake zilikuwa sawa. Ndiyo maana nimetenga sura nzima kwa jambo ambalo vitabu vya ushuru hulipitia kwa aya mbili.

Tuanze na ngazi zenyewe. Kuna ngazi mbili za mwanzo, kila moja ina saa yake, na kuna mamlaka tofauti yenye uwezo wa kurudisha saa hiyo nyuma. Ngazi ya kwanza ni pingamizi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, kinasema anayepinga uamuzi wa ushuru lazima kwanza aweke pingamizi kwa Kamishna wa KRA, ndani ya siku 30 tangu ajulishwe uamuzi huo. Hawezi kuruka ngazi hii akaenda mahakamani. Ngazi ya pili ni rufaa. Kamishna akishatoa uamuzi wa pingamizi na usikuridhishe, Sheria ya Jopo la Rufaa za Ushuru ya 2013 inakupa siku 30 nyingine za kuwasilisha ilani ya rufaa kwa Jopo, lililoko Nairobi.

Aliyechelewa katika ngazi ya kwanza haliombi Jopo muda. Anamwomba Kamishna mwenyewe, kwa maandishi, chini ya kifungu hichohicho cha 51. Aliyechelewa katika ngazi ya pili ndiye anayeliomba Jopo, chini ya kifungu cha 13 cha sheria yake. Mama wetu hajawahi kuweka pingamizi, kwa hiyo hana uamuzi wa pingamizi wa kukatia rufaa. Akikimbilia Jopo leo, hata awe na sababu nzuri namna gani, ombi lake halitakuwa na mguu wa kusimamia. Aende kwanza kwa Kamishna. Kamishna akikataa kumwongezea muda, kukataa huko ni uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa, na hapo ndipo njia ya kwenda Jopo inafunguka. Nimeliweka jambo hili mapema kwa sababu ndilo linalokosewa sana, na kosa lake hula siku ambazo mtu aliyechelewa hana.

Sasa maneno ya sheria. Kamishna anaweza kukubali pingamizi lililochelewa ikiwa mlipa ushuru alizuiwa na kutokuwepo Kenya, ugonjwa au sababu nyingine ya kuridhisha, na tena ikiwa hakukawia bila sababu kuliwasilisha. Jopo nalo lina maneno hayohayo: kutokuwepo Kenya, ugonjwa, sababu nyingine ya kuridhisha. Ukivuka mpaka wa Sirari ukafungua Sheria ya Rufani za Kodi ya Tanzania, unakutana na sababu hizohizo tatu. Ukifungua Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229, unazikuta tena. Si ajabu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenya, Uganda na Tanzania zilitoza kodi ya mapato kwa sheria moja na idara moja, na kila nchi ilipoandika yake ilibeba mengi kutoka ile ya zamani. Mwenye duka wa Nyansiongo anapimwa kwa kipimo kilichokuwepo kabla ya baruapepe, kabla ya simu ya mkononi, wakati aliyechelewa alieleweka kuwa mtu aliyesafiri kwa meli au aliyelazwa hospitalini.

Sababu mbili za kwanza hazina ugumu. Kutokuwepo Kenya huthibitishwa na mihuri ya pasipoti. Ugonjwa huthibitishwa na karatasi za hospitali zenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, na tarehe hizo lazima ziangukie ndani ya siku zilizopotea. Mtu aliyelazwa wiki moja mwezi Machi hajaeleza kwa nini hakufanya kitu Aprili nzima. Karatasi ya zahanati isiyo na tarehe, au iliyoandikwa wiki ombi linapopelekwa, humharibia mwenyewe kuliko kumsaidia.

Kazi iko kwenye ile ya tatu. Sababu ya kuridhisha ni ipi? Sheria haikuieleza, na nadhani ilifanya vizuri, maana orodha ingewafungia nje watu ambao mtunga sheria hakuwafikiria. Badala yake mahakama zimejenga vipimo, na kipimo kinachotajwa zaidi nchini kilizaliwa jirani kabisa na Nyansiongo, katika kaunti ya Bomet.

Baada ya uchaguzi wa 2013, Nicholas Salat, aliyewania useneta wa Bomet, alipinga matokeo hadi akafika Mahakama ya Juu akiwa amechelewa, akaomba aongezewe muda. Mwaka 2014 mahakama hiyo ilitoa uamuzi ambao tangu wakati huo hunukuliwa katika kila aina ya kesi, za ardhi, za ajira na za ushuru. Ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hisani ya mahakama kwa anayeistahili, na anayeomba ndiye mwenye jukumu la kuonyesha anastahili. Kila ombi litazamwe kwa hali yake. Kuwe na sababu ya kuchelewa, na mahakama iridhike nayo. Itazamwe kama upande wa pili utaumia. Ombi lenyewe liletwe bila kukawia tena. Na pale panapofaa, maslahi ya umma yazingatiwe. Salat mwenyewe hakuongezewa muda.

Kuna sehemu ya uamuzi huo isiyonukuliwa sana, nayo ndiyo ningetaka kila mhasibu wa Keroka na Kisii aibandike ukutani. Salat alikuwa ameshawasilisha rufaa yake nje ya muda, kisha akaomba ruhusa ya kuchelewa. Mahakama ikasema hiyo ni kutangulia mbele ya ruhusa: hati iliyowasilishwa nje ya muda bila ruhusa haina nguvu yoyote kisheria. Ruhusa kwanza, hati baadaye. Unaweza kuambatisha rasimu ya pingamizi au ya rufaa kwenye ombi lako, na ni vyema ufanye hivyo ili anayeamua aone una kesi, lakini usiiweke kana kwamba muda haujapita ukitumaini hakuna atakayehesabu. Watahesabu. Mawakili wa Kamishna huanza na tarehe kabla hawajagusa jambo lingine lolote.

Kabla ya Salat, Mahakama ya Rufaa ilikuwa na vipimo vyake tangu miaka ya 1990: urefu wa ucheleweshaji, sababu yake, uwezekano wa rufaa kufaulu, na kiasi cha madhara kwa upande wa pili. Jopo la Ushuru huvitumia vyote kwa pamoja. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliongeza jambo lenye faraja na onyo kwa pamoja: sheria haikuweka kiwango cha chini wala cha juu cha ucheleweshaji, ila ucheleweshaji wowote lazima uelezwe. Yaani siku 48 za mama wetu si nyingi kupita kiasi, wala siku mbili si chache kiasi cha kusamehewa kimyakimya.

Turudi dukani. Ana sababu gani? Kwamba barua haikumfikia. Sheria ya Taratibu za Ushuru inaruhusu ilani kutumwa kwa njia ya kielektroniki, na inamtaka mlipa ushuru amjulishe Kamishna anwani zake zikibadilika. Wakili wa KRA atasimama na kusema: anwani hii ni wewe uliyeiandikisha, sisi tungetuma wapi? Hoja hiyo ina uzito na huwa inashinda mara nyingi. Akijibu tu kwamba hajui mambo ya kompyuta, atashindwa. Kutojua sheria si sababu ya kuridhisha, wala kutojua mtandao, wala kuwa na shughuli nyingi.

Hata hivyo ana kesi, akiieleza vizuri. Asiseme hakujua tu. Aonyeshe. Achapishe ukurasa wa maelezo yake kwenye iTax, wenye baruapepe ya saiba na nambari yake mwenyewe ya simu. Kijana wa saiba aape kwa maandishi kwamba anwani ni yake, kwamba ndiye aliyeiweka na lini, kwamba huitumia kwa wateja wengi, na kwamba hakuifikisha barua ile. Benki impe barua yenye tarehe ya 20 Mei inayosema lini ilipokea agizo. Aonyeshe pia kwamba simu yake ilikuwa hewani na hakuna aliyempigia. Kisha aende kwa Kamishna wiki hiyohiyo. Akienda tarehe 23 Mei, siku zote 48 zina maelezo yaliyoandikwa, na siku tatu zinazobaki ni za kutafuta karatasi. Akisubiri hadi Julai kwa sababu kulikuwa na mazishi ya mjomba na bei ya maziwa ilishuka, zile siku 48 zitasamehewa kwa urahisi kuliko zile za baada ya kujua. Mimi naona ndipo kesi nyingi zinapovunjika: mtu ana sababu safi kabisa ya kutojua, halafu hana sababu ya kukaa tu baada ya kujua.

Nina la kusema kuhusu saiba, na nalisema nikiwa sina hasira na vijana wanaozifungua. Wameifanyia serikali kazi kubwa. Mfumo ulipohamia mtandaoni na kulazimishwa kwa wote mwaka 2015, ni wao waliowabeba wazee wa Borabu, Masaba na Mugirango kuingia humo, kwa mia mbili au tatu kila mmoja. Serikali ilijua hivyo na ikanufaika. Haiwezi basi kugeuka na kumwambia mkulima kwamba anwani aliyoandikiwa na saiba ni sawa na anwani ya kampuni ya Westlands yenye mhasibu anayefungua barua kila asubuhi. Kamishna na Jopo wanapopima kama sababu inaridhisha, wapime kwa macho ya mtu aliyeko mahali alipo mlipa ushuru huyo. Huko si kumpendelea. Neno la kuridhisha lina maana gani kama halitazami hali?

Na kuna dawa rahisi. Nambari ya simu iko kwenye mfumo huohuo, na KRA huwatumia Wakenya ujumbe mfupi kuwakumbusha ritani za Juni. Tathmini ya milioni 1.4 inastahili angalau ujumbe mmoja kwenye simu hiyo. Bunge lingeweza kuliandika hilo katika sheria kwa mstari mmoja, kwamba siku 30 zisianze kuhesabiwa kabla ujumbe haujatumwa, na nusu ya maombi ya kuchelewa ya wafanyabiashara wadogo yasingekuwa na haja ya kuletwa.

Sababu nyingine inayoletwa mara kwa mara ni kosa la wakala wa ushuru au wakili: alipewa faili, akaisahau. Hapa mahakama za Kenya zina mikondo miwili. Zaidi ya miaka 40 iliyopita Jaji Madan aliandika kwamba kosa la wakili lisifunge mlango wa haki mbele ya mteja, na mahakama hulikumbuka. Lakini mkondo wa pili umepata nguvu: kesi ni ya mteja, na mteja ana wajibu wa kuifuatilia. Ukimpa wakala barua Machi na usimuulize tena hadi Agosti, kosa limekuwa lenu wawili. Kwa hiyo weka ushahidi wa kufuatilia. Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, uliomuuliza wakala kama pingamizi limeingia, una thamani kuliko kiapo kirefu cha baadaye.

Mazungumzo na afisa wa KRA nayo huwaponza wengi. Mtu anapata uamuzi, anampigia afisa, afisa ni mtu mwungwana, wanakaa, wanapitia karatasi, wanakubaliana kukutana tena. Siku 30 zinapita wakiwa wanaelewana. Uungwana haukusimamisha saa. KRA ina utaratibu wa kusuluhisha mizozo nje ya mahakama, na mimi naupenda, maana umewaokoa wengi gharama. Lakini wasilisha ilani ya rufaa kwanza, kisha mzungumze chini ya kivuli chake.

Majirani zetu wamechukua misimamo tofauti, na kuitazama kunatusaidia kujua wetu ni mpole au mkali. Uganda iliweka ukuta. Sheria ya Jopo la Rufaa za Kodi ya huko inatoa siku 30, inaruhusu Jopo kuongeza muda, kisha inasema ombi lazima liletwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi wa kodi. Baada ya hapo hakuna ugonjwa wala safari itakayosaidia. Katika kesi ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda na Uganda Consolidated Properties, rufaa namba 31 ya mwaka 2000, Mahakama ya Rufaa ya Uganda ilisema mipaka ya muda iliyowekwa na sheria ni sheria halisi, wala si utaratibu mtupu wa kurukwa, na ni lazima ifuatwe. Kauli hiyo imevuka mipaka na hutajwa hata Nairobi.

Tanzania haikujenga ukuta wa miezi, lakini mahakama zake zina jicho la karani wa hesabu. Katika kesi ya Lyamuya Construction, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2011, mwombaji anatakiwa aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, aonyeshe bidii na si uzembe, na mahakama ikiona sababu nyingine nzito, kama vile uamuzi unaopingwa kuwa na kasoro ya kisheria, inaweza kuizingatia. Mahakama hiyohiyo imewahi kusema hata siku moja ya kuchelewa inahitaji maelezo. Wakenya wakiomba muda huwa wanaeleza kwa miezi: Aprili nilikuwa mgonjwa, Mei nilikuwa natafuta wakili. Mimi ningewashauri waandike kama Watanzania, tarehe kwa tarehe. Hakuna aliyewahi kukataliwa kwa kueleza sana.

Kenya iko kati. Hatuna ukuta, na sitamani tuwe nao. Miezi 6 inatosha kampuni. Haitoshi mjane aliyegundua deni la mumewe wakati wa kugawa mirathi. Lakini kukosa ukuta kumewafanya wengi waamini kwamba Katiba itawaokoa. Kifungu cha 159 kinasema haki itolewe bila kujali kupita kiasi mambo ya kiutaratibu, na mawakili hukitaja katika karibu kila ombi la kuchelewa. Mahakama zimeshalijibu: muda uliowekwa na Bunge ni sehemu ya haki yenyewe, na kifungu hicho hakikutungwa kufuta sheria. Anayekitaja bila sababu ya kuchelewa ameleta kifuniko bila chungu.

Ipo pia saa inayomhusu Kamishna, nayo ni kali kuliko yetu. Akipokea pingamizi halali, ana siku 60 za kuamua. Asipoamua, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa, na deni linaanguka. Kwa Kamishna hakuna kutokuwepo Kenya, hakuna ugonjwa, hakuna sababu ya kuridhisha. Mwaka 2012, katika kesi ya forodha ya Unilever Kenya, na mwaka 2021 katika kesi ya Equity Group Holdings, Mahakama Kuu ilikataa kumpa Kamishna nafasi ya kuamua nje ya muda wake. Wapo wanaoona tofauti hii haina usawa: raia anasamehewa, serikali haisamehewi. Mimi naiona ni sawa kabisa. Kamishna ana maafisa, mawakili, mfumo wa kompyuta na uwezo wa kushika akaunti ya benki bila kwenda mahakamani. Mwenye nguvu hizo zote anaweza kuangalia kalenda.

Lakini angalia neno lile, pingamizi halali. Ili liwe halali, liseme wazi unapinga nini, unataka kirekebishwe nini na kwa nini. Uambatishe hati zote zinazohusika. Na ulipe sehemu ya ushuru usiyoipinga, au uombe muda wa kuilipa. Lisipokuwa halali, Kamishna anatakiwa akujulishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Mama aliyepata muda wa ziada kwa shida kisha akaandika pingamizi la mistari mitatu, kwamba pesa zile si za biashara, tafadhali angalieni tena, amejirudisha alipokuwa.

Tukifika kwa Jopo, saa zinaongezeka. Ada ya rufaa ni shilingi 20,000, hairudishwi hata ukishinda. Ilani ikishawasilishwa, Kamishna apelekewe nakala ndani ya siku 2. Ndani ya siku 14 uwasilishe hati ya sababu za rufaa, maelezo ya mambo yalivyotokea, na uamuzi unaoupinga. Wapo wanaowahi ilani kisha wakalala kwenye siku 14. Hizo nazo Jopo linaweza kuziongeza kwa sababu zilezile tatu, lakini mtu anayeomba muda mara mbili anaanza kuonekana ni mwenye mazoea. Ukishindwa kwa Jopo, siku 30 za kwenda Mahakama Kuu zinaanza kuhesabiwa, na Mahakama Kuu nayo inaweza kuziongeza; huko, hata hivyo, utasikilizwa kwa hoja za sheria peke yake. Makosa ya hesabu yazungumzwe kabla ya hapo.

Tuseme mama wetu amefaulu. Kamishna, au Jopo baada ya Kamishna kukataa, amekubali kwamba barua iliyolala saiba ni sababu ya kuridhisha, na kwamba siku tatu za kukusanya karatasi si kukawia. Amepata nafasi ya kusema alichotaka kusema tangu mwanzo. Zile pesa benki, sehemu yake ilikuwa ya chama cha akina mama, ambacho yeye alikuwa mweka hazina wake. Nyingine ilikuwa mchango wa matibabu ya mtoto wa dada yake, iliyopita kwenye akaunti yake kwa sababu ndiye pekee katika ukoo mwenye akaunti ya benki karibu. Nyingine ni mkopo wa sacco, na mkopo si mapato.

Maafisa hawakuwa na njia ya kujua hayo kutoka kwenye taarifa ya benki, na sheria haikuwataka wakisie. Sasa anahitaji kitabu cha chama chenye majina na tarehe za kila mchango, orodha ya waliochangia hospitali, barua ya sacco, na risiti za ununuzi wa saruji za miaka yote inayohojiwa, kwa kuwa kumbukumbu za biashara zinatakiwa zitunzwe kwa miaka 5. Kila hoja atakayotaka kuitumia baadaye aiweke kwenye pingamizi hili la kwanza, maana mbele ya Jopo na mahakama atabanwa na sababu alizoandika humo, asipopewa ruhusa ya kuongeza. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba tathmini imekosea, kwa kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru, ni wake.